Barua ya Fundi na Utabiri wa Babu

Siku ya tatu baada ya soko la ghorofa kuanguka, Mama Fotokopi alikuwa akifuta kioo cha mashine yake karani wa ofisi ya soko alipoingia na karatasi. Wino ulikuwa mbichi, umemchafua kidole. Ulikuwa utabiri wa babu mmoja kipofu, ati wa miaka arobaini nyuma, kwamba paa lingewalalia wachuuzi siku ya Jumanne.

"Nitolee mia mbili."

Nakala zilitoka za manjano, pembe zimeliwa na mende, zinanuka sanduku la zamani. Mama Fotokopi aliifungua mashine, akaikuta nzima, akaendelea.

"Zinatoka zimechakaa."

"Ndivyo nizitakavyo," karani alisema.

Mchana wifi wa Mama Fotokopi alikuja. Alikuwa akiuza vifungo sokoni na walimzika juzi. Vumbi la saruji lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi. Alivuta kigoda, akasoma nakala moja.

"Wifi, huyu babu alijua?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Mbona hakutuambia? Hata kwa kukohoa tu?"

Swali lilimwasha Mama Fotokopi. Alikuwa amebakiwa na nakala ya barua aliyomtolea fundi mwashi, ya miezi mitatu nyuma, kuhusu nyufa za nguzo, ina muhuri wa kupokelewa na ofisi ya soko. Alitaka kuona mashine ingeizeesha vipi. Ilitoka nyeupe pe, na tarehe ya muhuri imejisogeza hadi siku hiyohiyo ya kuitoa. Alijaribu mara saba. Kisha akaibandika mlangoni.

Wapita njia waliisoma wakacheka. "Mvua imekatika, huyu ndiyo kwanza anafungua mwavuli!"

Fundi mwenyewe alipita, akasimama.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Tarehe ndiyo imenishinda."

Alasiri karani alirudi kuongeza mabunda mawili, ya hafla ya jioni ya kuwakumbuka waliokufa. Mkuu wake angeusoma utabiri mwenyewe. Lililoandikwa, alisema, halina mkosaji.

"Na hii barua?" Mama Fotokopi aliuliza.

Karani aliinama, akaitazama tarehe. "Imechelewa, mama. Ingekuja mapema tungeishughulikia."

Wifi alinyanyuka, akakung'uta kanga.

"Ngoja nikasikie nimeuawa na nini," alisema.

Mzigo ulikuwa mzito, akamshikia karani bunda la pili, wakatoka pamoja.