Shahidi wa Notke

Tangu vita vianze mpaka viishe, hakuna kilichopita mimi Shaye nisikione. Ulizeni yeyote hapa kambini.

Alhamisi alasiri, vita vikiwa vimeisha mwaka mmoja, Rabi Zilberfarb alikuwa akimenya viazi vya Sabato katika bweni letu la wakimbizi wa Kiyahudi, nje kidogo ya Munich. Frume akaja na ombi lake lile lile: kuolewa na Pinkas fundi saa. Rabi akampa jibu lile lile. Mumewe Notke alichukuliwa na Wajerumani, sawa, ila hakuna aliyemwona akifa. Bila shahidi, mke wa mtu ni mke wa mtu.

"Basi nimemleta mwenyewe," Frume akasema.

Notke akaingia, akapangusa nyayo mlangoni. Hakuwa na viatu. Tangu Jumatatu alikuwa akija kwa mkewe kila alasiri, na majirani walilalamika kwamba akikaa karibu na supu, inaganda.

"Rabi, mimi nimekufa. Mwandikie karatasi aolewe."

"Mtu amesimama mbele yangu anaongea, niandike amekufa?"

"Sipumui. Nishike."

"Ndugu yangu, nusu ya bweni hili hawapumui vizuri."

Nikadakia, "Maskini Notke! Hata kufa lazima apange foleni!"

"Funga domo, Shaye," Frume akasema, kisha akamgeukia Rabi. "Mungu mwenyewe alinyamaza siku zote zile. Leo ndiyo anataka shahidi?"

"Mungu alificha uso, binti yangu. Sheria hakuificha. Nikiiachia na hiyo, tumebaki na nini?" Akang'oa jicho la kiazi kwa ncha ya kisu. "Niletee mtu mmoja. Mmoja tu, aliyeona."

Notke akaninyooshea kidole. "Huyo hapo. Kule kambini kwa Wajerumani tulilala ubao mmoja."

Frume akanishika mikono yote miwili. "Shaye, mdogo wangu. Ulimwona akifa? Sema tu."

Nikainamisha macho. Nao wakainamisha yao, yakafika nilipokuwa nikitazama: kwenye viatu vyangu.

"Alinivua asubuhi, akaondoka navyo," Notke akasema, bila hasira. "Roho ilinitoka mchana."

Rabi akaweka kisu chini. "Kwa hiyo hukuona?"

Frume alikuwa bado amenishika.

"Sikuona," nikasema.

Rabi akachukua kiazi kingine. Frume akaniachia, akaenda kumvutia mumewe kiti.