Mama Hatoki Wodini

…dawa ya rangi mbili, anasema tena mjomba Sadala, amesimama miguuni pa kitanda cha mama na kofia mkononi, fungua kapsuli, mwaga unga kidondani, kikauke, twende zetu Handeni, kana kwamba si unga huohuo aliomwagiwa mama tangu jembe lilipomkata, juu pakafanya ganda zuri, chini usaha ukachimba… na mjomba akikohoa tu nashtuka, nimeshika chuma cha kitanda kama mtoto, kwa sababu kwetu Wazigua neno la mjomba ndilo neno, hata baba huinamisha kichwa, lakini daktari Bonaventura alisema taratibu nami nikarudia neno kwa neno, wadudu wa kidonda hiki walioteshwa maabara, dawa zote zimeshindwa kuwaua isipokuwa mbili, moja inaumiza figo na figo za mama zimeshachoka, iliyobaki ni hii ya mshipani, meropenemu, kila baada ya saa nane, bila kuruka… “Tutabeba hizo chupa, Athuman wa duka la dawa atamchoma nyumbani,” eti Athuman, achome leo, kesho aende shamba, uvimbe ukipungua waache, wafe wadudu wanyonge wabaki sugu, halafu tutamtibu na nini, na nini, hakuna dawa ya tatu… “Msomi wetu kanyamaza, au tukuvishe koti jeupe?” na kitanda cha pili mama Nasha, mfugaji, anacheka, “Mzee, hata ng'ombe wangu simwachi katikati ya sindano,” mjomba anamkata jicho, mama amefumba macho lakini vidole vyake vimenishika kanga, hataki, hawezi kumwambia kaka yake, ananiachia mimi… “Ikram, nakusemesha!” Abee mjomba, nakusikia, sijakubali, kusikia na kukubali si kitu kimoja, na mbona anaikunjakunja kofia mikononi, kumbe naye anaogopa, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyonishika miguu mtoni, maji yakimfika kifuani, mimi mgongoni na daftari kichwani, akipiga kelele nisiliangushe, nisikose mtihani, alinivusha ili nisome, basi nimesoma, mjomba, nimesoma, na bado umesimama unasema kapsuli, sema, sema hadi jioni, shikamoo yako utaipata kila asubuhi, mama humpati.