Jina la Batma Lisikike

Majira yote ya baridi nilikuwa nashona herufi. Nilizikata kwenye sufu iliyokandwa, nyekundu juu ya nyeusi, kama tunavyokata mapambo ya mazulia yetu hapa milimani At-Bashy, halafu nikazipiga picha na kuziweka kwenye tovuti ya kikundi chetu cha mafundi wa mazulia. Pande zote nne nikazungushia pindo la pembe za kondoo dume. Zulia lisilo na pindo baraka zake humwagika, sasa ukurasa ningeuachaje wazi? Kwenye kompyuta ya ofisi ulipendeza mpaka nikauota. Nilikuwa nikifumba macho naliona pindo linatembea polepole juu ya theluji.

Ukurasa huo ulikuwa wa marehemu Batma. Yeye na mdogo wake Zuurakan, ambaye sote tunamwita Apa, yaani mama, ndio walionifundisha kazi. Walikuwa wakikata sufu mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, kisha wanabadilishana vipande: ua jekundu linaingia kwenye nafasi nyeusi, jeusi kwenye nyekundu. Yanatoka mazulia mawili pacha na hakuna kinachotupwa. Batma alifariki mwaka jana, msimu wa kondoo kuzaa. Jumamosi ndiyo ilikuwa karamu ya kutimiza mwaka, na ndugu waliotawanyika hadi nchi za mbali wangemkumbuka kwa kuufungua ukurasa ule.

Alhamisi nikaenda kwa Apa. Nilimkuta anakaanga boorsok, maandazi yetu madogo ya karamu, kwani harufu ya mafuta ndiyo huwafikia wafu. Jua lilikuwa limeingia dirishani, moshi mwepesi, vumbi la sufu likielea. Nilihisi Batma yumo humo chumbani, amekaa tu, hana haraka. Macho ya Apa yameingia ukungu siku hizi, na simu yake humsomea kwa sauti.

"Haya, mwanangu Burulcha," akasema akifuta mikono. "Nataka nimsikie dada yangu."

Akaufungua ukurasa, akagusa kioo cha simu. "Picha," simu ikasema. Akagusa tena. "Picha. Picha."

"Mbona inabwabwaja hivi?"

Nikachungulia. Kioo kizima kilikuwa kona ya pindo, pembe tupu. Jina lilikuwa mbali huko kulia, hata mwenye macho yake mazima angesukuma ukurasa kwa kidole mpaka akate tamaa.

"Apa, kwenye kompyuta linaonekana zuri sana."

"Nani ana kompyuta? Wachungaji huko malishoni? Au binti wa Batma anayefagia hoteli ugenini?" Akakitikisa kijiko cha mafuta. "Harufu ya boorsok zangu inamfikia aliye kaburini, wewe jina lake halinifikii mimi niliye jikoni!"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimefundishwa. Kwenye mafunzo ya tovuti kule mjini Naryn mwalimu alisema wazi: maneno yabaki maneno, yasigeuzwe picha, kila picha iandikiwe maelezo, ukurasa ujipange kufuata upana wa kioo. Mimi nikapiga miayo, nikijiona fundi. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mimi nilikufundisha zulia," Apa akasema, sauti imelegea. "Zulia linakunjwa, linapanda farasi, linatandikwa kwenye hema lolote. Umewahi kuona mtu anabomoa hema ili zulia lienee?"

"Sijaona, Apa."

"Basi fumua."

Ijumaa nzima nikafumua. Nikaandika kwa herufi za kawaida, zile zisizo na uzuri wowote, moyo ukiniuma kwa kila moja. Pindo sikulitupa, ila kwenye kioo kidogo linajisogeza pembeni kuyapisha maneno. Kila picha ya zulia nikaiandikia kilichomo.

Jumamosi, wageni hawajafika, Apa aliiingiza simu chini ya kilemba chake, akaibana sikioni. Nami nikaisikia.

"Batma, mkataji. Zulia jekundu, ua jeusi. Zulia pacha analo mdogo wake, Zuurakan, aliye hai."

Akairudisha. Akairudisha tena, mpaka chai yake ikapoa na kuganda utando juu. Alikuwa analia bila kujificha, nami nikalia naye.

"Hapo pa 'aliye hai,'" akasema mwishowe, "siku ukipabadilisha, Burulcha, usije ukanifanya picha."