Gome Juu, Gome Chini

Kwetu, kuni mbichi hununuliwa theluji ingali chini, zikapasuliwa, zikapangwa kabla ya sikukuu ya taifa ya Mei. Asiyekuwa na ukuta wa kuni siku hiyo, majirani humpita wakimwonea huruma kana kwamba amefiwa. Wangu ulikuwa umesimama. Birchi tupu, mti wetu wa gome jeupe, ukutani mwa ghala upande wa jua, kila ukuni gome lake likitazama juu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilijua nilichokifanya.

Nilikuwa na sababu ya kujua. Binti yangu Eldrid alikuwa amenitafutia nyumba mjini, ghorofani, ambako joto linatoka sakafuni na mtu hashiki ukuni mwaka mzima. Yote hayo kwa ajili ya sufuria moja niliyoisahau motoni wakati wa baridi. Sufuria moja! Tukakubaliana hivi: nikifika vuli bila kuvuruga jambo jingine, nabaki kwangu. Nikivuruga, nahama. Eldrid ni muuguzi, na neno lake huwa halina mzaha.

Ndiyo maana siku tuliyomaliza kupanga nilimtaka apime yeye mwenyewe. Kuni zikimwagwa uani na trekta huonekana nyingi kama kilima, kumbe nusu yake ni hewa; zikishapangwa ndipo unapomjua muuzaji mwaminifu. Eldrid akapita na fimbo yangu ya kupimia, akasema ni pima tatu. Nami nikachora alama ya chaki ghalani pale ukuta ulipoishia.

“Umeridhika?” nikamuuliza.

“Nimeridhika, Baba. Mbona una hasira?”

“Sina hasira. Hii ndiyo sura yangu.”

Haukupita muda, asubuhi moja nikatoka na kahawa yangu nikakuta safu ya juu, upande wa mwisho, imegeuzwa. Gome chini. Nilisimama pale mpaka kahawa ikapoa.

Bila shaka nilimfikiria Oddvar. Oddvar ni jirani yangu, mgane kama mimi, na tangu tukiwa vijana tumegombana juu ya jambo hili moja. Yeye husema ukuni ulazwe gome chini, unyevu upate kutoka kwa juu. Mimi nasema gome ni paa. Nani anaweka paa sakafuni? Tumeligombania jambo hilo harusini, tukaligombania na msibani, tena kwenye msiba wa mkewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Nikavuka ua.

“Oddvar, mchezo wako nimeuona.”

“Mchezo gani tena, mzee mwenzangu?”

“Kuni zangu umezigeuza.”

“Mimi? Nikaziguse kuni zako zilizovaa kofia? Afadhali nishike nyoka!” Alicheka mpaka akakohoa. Alipoona sicheki, naye akaacha. “Asmund, sijagusa. Haki ya Borgny.”

Borgny ndiye marehemu mkewe. Oddvar ni mbishi, ni mchoyo wa jibini, lakini kwa jina la Borgny hajapata kusema uongo. Nikarudi nyumbani kichwa kikiniuma. Kama si yeye, ni nani? Mbweha hapangi kuni.

Nilizigeuza zote gome juu. Siku chache baadaye zikawa chini tena, na safari hii ukuta ulikuwa umeipita alama ya chaki. Mwizi wa kuchukua namwelewa, kila kijiji kina wake. Mwizi wa kuleta ni mwizi gani? Nikautwaa ukuni mmoja, nikaupaka sabuni ya vyombo upande huu, nikaupuliza kwa upande wa pili, kama mtu anavyopima kuni zilizokauka. Povu halikutoka. Ulikuwa mbichi, birchi ileile, umepasuliwa kwa shoka la mashine ileile. Basi ulikuwa wangu. Lakini wangu wote nilikuwa nao!

Eldrid alipokuja aliona hata kabla ya kushuka garini.

“Baba, umenunua tena?”

“Sijanunua.”

“Kuni hazizai, Baba.”

“Najua kwamba hazizai.”

Alizitazama zile zilizogeuzwa, akanitazama mimi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. “Nitakuja Jumapili,” akasema. “Tukae, tuzungumze. Mficha maradhi, kilio humuumbua.”

Wiki ile niliishi kwa hofu, sifichi. Nilikagua viatu vyangu kila nilipoamka kama vina maganda ya mti. Nilimpigia muuzaji nikijifanya nauliza bei, kumbe nataka kusikia kama atasema, “Wewe si juzi tu umenunua?” Hakusema. Hilo nalo halikunituliza. Pengine naye amesahau. Nilifika mahali pa kuamini kwamba nilikuwa natoka usingizini mimi mwenyewe na kufanya kazi ya Oddvar kwa mikono yangu. Katika aibu zote, hiyo ilikuwa kubwa kupita ya sufuria.

Jumamosi asubuhi, nikiwa dirishani mwa jikoni, nikasikia toroli likilia gurudumu. Oddvar huyo, anakuja na toroli limejaa kuni kutoka nyuma ya ghala lake, kuni alizonunua kwa muuzaji wangu yuleyule. Nilifurahi jamani! Sikuwa nimeharibika akili! Nilitoka mbio nikiwa na matusi ya miaka yote mdomoni.

“Ahaa, umeamka,” akasema kwa furaha. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ndara za ndani zilizolowa umande. “Nipokee huu. Kuna mjinga kanipangia kuni zangu gome juu.”

“Zako?”

“Sasa za nani? Nizimalize kabla Borgny hajaniita. Yumo ndani anachemsha kahawa.” Akaonyesha kwa kidevu dirisha la jikoni kwangu.

Matusi yote yakanikauka. Nikaupokea ule ukuni.

“Gome chini?” nikamuuliza.

“Gome chini, bwana! Wewe huwa hujifunzi?”

Tukapanga pamoja mpaka toroli likaisha. Halafu nikamshika mkono, nikamrudisha kwake, nikambadilisha soksi.

Jumapili Eldrid akaja. Oddvar naye alikuwepo, ameketi kwenye ngazi ya mlango na kikombe chake, amenyoa, anatania kuhusu mkate wangu. Ungeapa kwamba hana kasoro. Eldrid akaenda na ile fimbo mpaka mwisho wa ukuta. Akarudi polepole.

“Baba, zimeongezeka sana. Nani kazipanga hivi?”

Hapo ndipo nilipokwama. Neno moja tu na nyumba yangu ingekuwa yangu. Lakini Oddvar ana mpwa wake huko mjini Oslo, ambaye kwa muda mrefu amelitamani lile shamba. Neno hilohilo lingemfikia, na kabla ya theluji Oddvar angekuwa kwenye nyumba ya wazee, nyuma ya mlango unaofunguliwa kwa namba, mahali pasipo na shoka wala moshi. Nampenda yule mzee mbishi. Ndivyo ilivyo.

“Mimi,” nikasema.

“Gome chini, Baba? Wewe?”

“Nimefikiri sana. Oddvar ndiye aliyekuwa sahihi.”

Eldrid akaiweka ile fimbo chini. Angeweza kuvumilia sufuria, angevumilia kuni zinazozaa, lakini hili lilimtoa rangi usoni. Akanishika kiganja kama wanavyoshikwa wagonjwa. “Baba,” akasema, na macho yakamjaa machozi. “Kesho twende kwa daktari.”

“Hatimaye!” Oddvar akadakia kutoka ngazini, anapiga goti lake kwa furaha. “Tangu ujana namwambia, hasikii! Gome juu! Gome ni paa. Nani anaweka paa sakafuni?”

Eldrid amekulia baina ya nyua zetu mbili. Anajua nani husema nini kama anavyojua jina lake. Alimtazama Oddvar kwa muda. Akaitazama alama ya gurudumu la toroli iliyokata majani kutoka ghala la Oddvar hadi kwangu. Kisha akanitazama mimi, na mkono wake ukanibana kwa namna nyingine.

Akaenda kuketi ngazini karibu na Oddvar, akamvuta kola ya koti ikae sawa.

“Baba,” akasema bila kugeuka, “kile chumba chako cha juu, jiko lake la kuni bado linafanya kazi?”

“Linafanya.”

“Basi mwaka huu mtakuwa wawili. Pima tatu hazitawatosha.”

“Zitatosha,” nikasema. “Za kwake ameshazileta.”