Hewa Aliyopewa Khatibu

Wanaosema mume wangu alikufa kwa uzembe nawajua wote, na wengine wao wamekula pilau ya hitima yake hapa hapa kwetu. Wanasema hakuosha tangi. Wanasema petroli ilibaki ndani, akaingia na moto wake, ikamlipukia. Nawasikia dirishani wakipita kwenda dukani, maana mimi ni kizuka, nakalia eda, sitoki, na mtu asiyetoka husikia mengi.

Na mimi, Sumeya, nina mdomo. Magogoni nzima inajua. Nimeshamwambia mwenye nyumba mbele ya wageni wake kwamba choo chake kinanuka, na nimeshamrudisha muuza samaki na tasi wake walioharibika huku mtaa mzima ukisikiliza. Lakini kuhusu kifo cha Khatibu nilinyamaza. 

Khatibu asioshe tangi? Mtu ambaye embe la kununua aliliosha mara mbili, na mara ya tatu nikilimenya? Alijifunzia kazi ya weldingi Changamwe, kwenye yadi za malori ya mafuta, na huko alimshuhudia mwenzake akifa kwa tangi la dizeli lililosemekana tupu. Tangu siku hiyo mafuta aliyaogopa kama watu wanavyoogopa nyoka. Kazi ngapi alizikataa! Watu wakamcheka, wakamwita bwana mwoga, naye akacheka nao.

Hili tangi lilitoka kwenye kituo cha petroli kilichofungwa. Alilinunua bwana mmoja anayejenga nyumba za kupangisha huku kwetu Kisauni, alitaka awe anaweka maji, kwa kuwa mifereji yetu hukohoa kuliko inavyotoa maji. Khatibu alilipokea shingo upande. Aliliosha kwa sabuni, akaliosha tena, akalijaza maji mpaka yakamwagika, akayatoa, akaliacha wazi juani siku kadhaa. Halafu akaingia, akasugua ndani kwa ovaroli yake kuukuu, akaniletea hiyo ovaroli ninuse, kwa sababu alisema pua yangu haijapata kukosea. Nikainusa mbele na nyuma. Nikasikia jasho lake na kutu. Petroli, wallahi, hata chembe.

Basi akaanza kazi. Sehemu iliyooza ilitaka kuzibwa kwa ndani, na tangi lilikuwa na tundu moja tu juu, la kupita mabega ya mtu. Khatibu akaingia na waya wa mashine yake, na pale tunduni akakaa Junaid, mdogo wake. Wao wamezaliwa wawili tu, na tangu utotoni Junaid alikuwa nyuma ya Khatibu kama mkia. Kazi alifundishwa naye. Hata kucheka alicheka kama yeye, akianza kwa pua.

Ili hewa iingie walifunga feni pale juu. Feni yenyewe ni ya chumbani kwetu. Nilimpa kwa kelele, nikamwambia nikipikika usiku ni juu yako, akaniambia tutapikika sote, si kitu. Adhuhuri ya siku ya pili ile feni ikaungua. Kilichofuata niliambiwa na Junaid mwenyewe, tumesimama kwenye ujia wa hospitali, nyusi zake zimeungua na viganja vyake vimefungwa bandeji kwa kumvuta ndugu yake.

"Alisema joto limemshinda, shemeji," akanambia. "Alisema hewa nzito. Nikamwambia atoke, akasema kimebaki kipande kidogo, amalize. Nami pale nilikuwa na mtungi wa oksijeni, ule wa kukatia vyuma. Nikateremsha mpira wake mgongoni kwake, nikafungua. Nikasema ndugu yangu asikose pumzi nami nipo. Akaburudika, shemeji! Nilimsikia. Alisema, hapo sasa, Mwenyezi Mungu akubariki, mdogo wangu. Halafu akawasha moto, na petroli ikatoka huko ilikojificha."

Alilia, nami nikalia. Nikamwambia asante, Junaid, angalau ulimpa hewa. Nilisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu sikujua.

Khatibu aliishi siku chache. Uso ulikuwa wazi, uliobaki ulifungwa, na akili ilikuwa timamu, afadhali isingekuwa. Nilipomwambia kwamba Junaid alijitahidi, kwamba alimteremshia mtungi apate kupumua, alifumba macho. Nilidhani ni maumivu. Alikaa vile mpaka muuguzi akaja akaenda.

"Kumbe ndiyo ule ubaridi," akasema. "Nilisikia ubaridi nyuma ya shingo. Nikajua feni imepona."

"Si alikupa hewa?"

"Oksijeni si hewa, Sumeya. Hewa inayo oksijeni kidogo, na hiyo kidogo inatutosha. Ukiijaza kwenye kitu kilichofungwa, nguo inainywa, nywele zinainywa. Cheche ambayo kila siku unaipangusa kwa mkono, hapo inawasha mwili mzima. Petroli haikuwamo. Tuliosha vizuri."

Nikamuuliza mbona hakumfundisha nduguye jambo kama hilo. Akasema alimfundisha kuogopa mafuta. La oksijeni hakumwambia, kwa kuwa haikumjia akilini kwamba mtu anaweza kulifanya. Tena hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekumbuka kwamba hakufunga mlango.

Kisha akaniapisha. "Asijue. Mama katuzaa wawili, nami nakwenda. Junaid akijua, hataishi. Usimwachie mama maiti mbili." Nikasema na jina lako je, watasema hukuosha tangi. Akasema, "Waache waseme." Nikaapa. Ungefanya nini wewe, mtu anakufa mbele yako na anakuomba kitu kimoja?

Ndivyo nilivyoingia eda na kiapo shingoni. Nakaa kwa mama mkwe, Bi Tumu, ambaye tangu mazishi hakumbuki kama ameshasali ama bado. Mlango wa chumba changu una pazia, na nje ya pazia ni ukumbi. Kila jioni Junaid alikuja na mahamri au samaki, akaketi ukumbini, akanijulia hali bila ya kuniona, kama inavyotakiwa. Na kila jioni, kabla hajaondoka, alisema neno lile lile. "Angalau nlimpa hewa, shemeji." Nami nikajibu, "Ulimpa." Lilikuwa chungu, lakini niliona jinsi linavyomsimamisha. Mtu mwenyewe alikuwa amekonda, hana kingine cha kushika.

Nikajiambia nitalibeba mpaka kaburini. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Kuna jirani yetu, Dorcas, Mgiriama wa Kaloleni, ambaye tangu nikae eda ndiye anayeniletea maji na kunioshea vyombo bila ya kuombwa. Leo asubuhi aliingia anaimba. Mumewe, Thoya, amepata kazi baada ya kukaa bure muda mrefu. Nikamwambia hongera, kazi gani?

"Ya lile tangi," akasema, sauti akiipunguza kwa heshima yangu. "Mwenyewe anataka limalizwe. Junaid amemchukua Thoya, waingie kesho. Nimeogopa, nisikufiche. Lakini Junaid anasema petroli yote iliungua siku ile, haipo tena. Na kwa joto amemwambia asiwe na wasiwasi, atamwekea mtungi tangu mwanzo, asipate shida aliyoipata marehemu."

Kikombe kilinitoka mkononi. Dorcas akadhani ni kwa kutajiwa marehemu, akaniomba radhi, akaanza kuokota vigae.

"Mwambie mumeo asiukubali huo mtungi," nikamwambia.

"Kwa nini, Bi Sumeya?"

"Mwambie hivyo tu."

Akanitazama. Akasema atamwambia, lakini fundi ni Junaid, na Thoya ataona haya kumfundisha fundi kazi. Alipotoka nikampigia Thoya mwenyewe simu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sawa, Bi," akasema, "nitamuuliza Junaid."

Basi nikaweka simu kitandani. Kila mlango niliougonga ulifungukia kwa Junaid. Mchana kutwa niligeuka huku na huku kwenye hicho chumba. Nilifikiri kusema ni ndoto nimeota. Nilifikiri kusema nimesikia redioni. Lakini Junaid si mjinga, na uongo wowote wenye neno oksijeni ungemfikisha pale pale. Nikanyamaze? Nikanyamaze, halafu kesho kutwa Dorcas naye aingizwe chumbani, afungiwe pazia? Nilimkasirikia Khatibu, Mungu anisamehe. Yeye amepumzika, mimi ameniachia moto mkononi na kuniambia nisiutupe.

Junaid alikuja karibu na magharibi. Nilimsikia akimwamkia mama yake shikamoo, nikasikia karatasi ya mahamri, nikamsikia akiketi.

"Asalamu alaikum, shemeji."

"Waalaikumu salamu."

"Thoya ananiuliza swali silielewi. Ati umemkataza oksijeni."

"Nimemkataza."

"Kwa nini? Si ndiyo nliyompa Khatibu?"

Hapo nilikuwa bado naweza kurudi nyuma. Ningesema nimechanganyikiwa, kizuka ana majonzi, asinisikilize. Angecheka kidogo kwa pua, angesema neno lake la kila siku, na kesho wangeingia tangini.

"Usiitie oksijeni kwenye tangi, Junaid," nikasema. "Kamwe. Nguo huinywa. Cheche moja inawasha mtu mzima."

 Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nani kakwambia?"

"Kakako."

"Lini?"

"Hospitali. Siku ile uliyomletea uji."

Sikumuona uso. Niliona miguu yake tu chini ya pazia, na ndala zake, na kidole kimoja kinakwaruza sakafu. Kile kidole kikaacha.

"Petroli haikuwamo?"

"Haikuwamo. Mlikuwa mmeosha vizuri."

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua."

"Akasemaje?"

"Aliniapisha usiambiwe. Alikupenda, Junaid. Hakuwa na kinyongo na wewe hata kidogo."

 Nilitaka nitoke nimshike mabega, nimtikise, nimwambie hukukusudia, ulikuwa na ndugu anayekosa pumzi ukampa ulichokuwa nacho. Lakini kizuka hamtokei shemeji yake, na hata ningetoka, maneno hayo yangemfaa nini?

"Lakini alinishukuru," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Aliniombea dua. Nlimsikia kwa masikio yangu, shemeji."

"Alikuombea."

"Kumbe alidhani ni feni," akajijibu mwenyewe.

 Nikasikia akitoa simu, akabofya. "Thoya," akasema, "kesho usije." Thoya alimuuliza kitu. "Hapana," akasema. "Hakuna kazi. Usiingie mle na mtu yeyote, umenisikia?" Halafu simu ikaanguka, na hakuiokota.

Nilishukuru. Nasema kweli, moyo wangu ulishukuru kwa ajili ya Thoya, na papo hapo ukamwogopea Junaid, ambaye Khatibu alisema hataishi akijua. Nikaketi sakafuni upande wangu wa pazia. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, ikaisha. Junaid, ambaye hajapata kukosa sala ya msikitini, hakuondoka. Miguu yake ilikuwa pale pale. Nikamwita jina lake mara mbili, hakuitika, nikashika pindo la pazia nikalishikilia tu.

Kutoka chumba cha pili mama mkwe wangu akaita, "Junaid, mwanangu, ushakula?"

Akangoja kidogo, akaita tena.