Santuri Iliyokwama

Fundi alikuwa ametengeneza gramafoni kwa miaka ishirini na sita bila mtu kumwalika kusikiliza chochote. Kwa hiyo siku mdogo wa mkewe alipomwita Jumapili mchana kwenye uzinduzi wa santuri yake, alipiga pasi shati mwenyewe. Alipofika ndipo alipoelezwa kwamba mkono wa gramafoni umelegea, na ingefaa akae karibu nao.

Shemeji huyo alikuwa mhadhiri wa jiografia, ila siku hizi alitaka aitwe Radi, jina alilojibandika mwenyewe. Yeye na wenzake watatu walijifungia ghalani miezi minane wakirekodi magitaa yaliyoburutwa sakafuni, msumeno wa kukatia vyuma, na Radi mwenyewe akipiga mayowe ndani ya pipa. Walitoa nakala mia tatu, zote za santuri, maana kazi ya uzito ule, alisema, haiwezi kusikilizwa kwenye simu. Mke wa fundi alimnong'oneza mumewe kwamba hata hapo walipo haikuwa na dalili ya kusikilizika. Kisha akamsihi asicheke, kwani damu ni damu.

Sebuleni walikuwamo watu kumi na wawili, akiwemo mtangazaji wa redio aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Fundi alijikaza kisabuni, akatega sikio. Dakika ya tisa akashangaa: msumeno na gitaa vilikutana kwenye sauti moja, tamu kabisa, kisha vikaachana. Palimgusa. Alikuwa bado anapatafakari pipa liliponguruma, likanguruma tena vilevile, na tena, kila baada ya sekunde mbili hivi. Sindano ilikuwa imekwama.

Akamtazama Radi, akitegemea atainuka. Radi alikuwa amefumba macho, chozi likimtiririka. Wageni walitikisa vichwa kwa pamoja. Robo saa ikapita. Fundi akashindwa kuvumilia. Akainua mkono wa gramafoni, akapuliza vumbi, akaurudisha mbele kidogo.

"Mbona umekatiza?" mtangazaji akamuuliza. "Pale ndipo palipokuwa na roho ya kazi nzima."

"Sindano ilikwama, bwana. Lilikuwa vumbi tu."

Wote wakamgeukia Radi. Naye akasafisha koo. "Shemeji anaita vumbi. Sisi tunaita marudio."

Mke wa fundi akaanza kuchunguza dari. Wageni walidai kipande kirudiwe, lakini mara tatu sindano ilipita pale bila kukwama, na lawama zote zikamwangukia fundi kwa usafi wake.

Siku ya pili Radi alikuja kibandani kwa fundi amebeba katoni la santuri. Mtangazaji ameahidi kuicheza hewani, alisema, mradi marudio yawepo. Alitaka kila nakala ikwaruzwe palepale.

Fundi akamvutia kiti. "Niambie ukweli. Ulijua imekwama?"

Radi aliinamisha kichwa. "Sikujua. Miezi minane, shemeji, na sikujua."

Fundi akamwonea huruma. Akaweka santuri moja kwenye gramafoni, akamsikilizisha pale msumeno na gitaa vilipokutana, akamwambia kwamba kama angetengeneza nyingine ya namna ile, yeye angeinunua. Radi alisikiliza kwa adabu, kisha akaomba radhi: hapo walikosea, walisahau tu kukiondoa kipande hicho.

Basi fundi akampa msumari, akarudi kwenye kazi za wateja wake.

Radi alizikwaruza zote peke yake, kwenye meza ya chakula, kwa hasira na haraka. Siku ya kuchezwa redioni, sindano ilitua mwanzoni, ikaparaza kama paka kwenye bati, ikateleza hadi katikati. Albamu nzima ikaisha kwa sekunde kumi na moja. Mtangazaji akatangaza kwamba hajawahi kusikia albamu jasiri kiasi hicho. Kabla ya mwisho wa juma hapakubaki nakala hata moja.

Mama mkwe, aliyekuwa amewakusanya majirani mbele ya redio, aliuliza kama ndiyo imekwisha. Alipohakikishiwa kwamba imekwisha, alimpigia mwanawe simu kumpongeza, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.