Hoja ya Kufua Pamoja

Mimi sipendi watu wa maneno mengi, na kwetu Ufini hilo si kosa. Kwa hiyo halmashauri ya mji wetu ilipotangaza kwamba gati letu la kufulia mazulia ziwani litabomolewa, na mwenye kupinga alete hoja zake kwa maandishi kabla ya Aprili kwisha, niliandika hivi: "Gati libaki. Tunalihitaji. Tyyne Hakkarainen." Nikajiona nimemaliza kazi.

Jirani yangu Pirkko alisoma, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Tyyne, hii ni hoja au kikaratasi cha kwenda nacho dukani? Watakwambia asante, halafu wanabomoa!"

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Kwa miaka arobaini, kila Juni, nimepiga magoti kwenye gati lile na brashi na sabuni ya msonobari, nikisugua mazulia huku ziwa likinilowesha viatu. Sikuwa tayari kulipoteza kwa uvivu wa kalamu. Nikajiandikisha darasa la kuandika, Jumanne jioni, maktabani. Mwalimu alikuwa Sirkku, binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, ulimi kama wembe.

"Insha ya hoja haina uchawi," alituambia. "Sema msimamo wako mapema. Toa sababu, na kila sababu uipe ushahidi. Kisha mlete anayekupinga, msikilize, mjibu. Basi."

Eti basi! Nilitoa jasho wiki nzima. Nilirudi na ukurasa mmoja na sababu tatu: mashine ya kufulia ya jengo letu inatafuna mazulia, upepo wa ziwani unakausha vizuri, na mama zetu walifulia palepale. Anayenipinga nilimpa mistari miwili: "Diwani Kauko Rantala, mwenye wazo hili la kubomoa, hajawahi kufua hata soksi. Ni mjinga."

Sirkku akaisoma kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikavimba kichwa.

"Tyyne, hapa umemtukana mtu. Hoja yake iko wapi?"

"Hana."

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Nenda kamuulize. Na uyaandike maneno yake hivi kwamba mwenyewe akisoma aseme, naam, ndivyo ninavyofikiri."

Jamani, mimi niende kwa Kauko! Lakini nilikwenda Jumamosi, nimenuna hasa. Alinifungulia mlango mwenyewe, maana anaishi peke yake, naye kanuna vilevile. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla ya kahawa, basi tulikunywa vikombe viwili bila neno hata moja. Cha tatu kilipomiminwa, akanisogezea simu yake. Picha za ziwa letu, Julai iliyopita: maji ya kijani, mazito, kama supu ya njegere. Kwenye nguzo kuna tangazo la kuwakataza watoto wasiogelee.

"Si sabuni yenu peke yake inayoleta mwani huu," alisema. "Kuna mbolea ya mashamba pia. Lakini sabuni yenu inakwenda wapi, Tyyne?"

"Ziwani."

"Basi."

Nilirudi nyumbani na hasira, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe. Yule mtu alisema kweli! Nikakaa mezani nikaandika upande wake kwa uaminifu, kwa sababu sijui kuandika uongo. Ukajaza kurasa mbili. Wangu ulibaki nusu ukurasa.

"Hongera," Sirkku alisema Jumanne. "Umeandika insha ya Kauko, tena nzuri sana."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia. "Basi nimekwisha. Wabomoe tu."

"Subiri kwanza. Hizi sababu zako tatu siziamini hata mimi. Mashine inatengenezwa, upepo uko kila mahali. Kwa nini hasa unalitaka gati?"

Sijui nani alinifungua mdomo. Nikasema kwamba tangu mume wangu Erkki afariki, nyumba imekuwa kimya. Chumba cha kufulia cha jengo letu unajiandikisha kwenye orodha, unapewa saa yako, unafunga mlango, unafua peke yako. Lakini gatini tunapiga magoti bega kwa bega, macho kwenye zulia, mikono ina kazi, na maneno yanatoka yenyewe. Ni pale nilipomwambia Pirkko kwamba silali. Nyumbani kwake, ana kwa ana, nisingethubutu kamwe.

Sirkku akapangusa miwani yake. "Andika hilo."

"Na maji ya kijani je?"

"Badili msimamo."

"Inaruhusiwa?"

"Sasa unadhani tunaandika kwa ajili gani?"

Nikaenda kumuuliza fundi bomba, nikapima hatua kutoka majini hadi kwenye mfereji wa maji taka, nikaandika upya, nikaipeleka kabla ya Aprili kwisha. Siku ya kikao niliruhusiwa kuisoma mbele ya halmashauri: tusifulie ziwani tena, Kauko anasema kweli, na sababu zake ni hizi na hizi. Ila tusitenganishwe. Tujengewe masinki nchi kavu, maji yake yaingie kwenye mfereji wa maji taka, yapangwe ubavu kwa ubavu, kwa sababu mji wetu hauna mahali pengine ambapo watu kama sisi tunaongea.

Kauko akasimama. "Upande wangu ameueleza kunishinda. Sina la kuongeza." Akaketi. Kura zilipopigwa, mkono wake ulitangulia kuinuka. Kumi na saba kwa sita! Nilipiga kelele ukumbini, mimi Tyyne, na wala sikuona haya.

Mwaka uliofuata, Juni, masinki yakafunguliwa. Tulijaa wanawake kumi na wawili, vicheko juu, povu mpaka viwikoni. Saa nne hivi Kauko akatokea na zulia begani, akasimama pembeni kama aliyepotea njia. Pirkko akamsogezea nafasi katikati yetu. Akalikunjua zulia lake. Lilikuwa safi kabisa, halina hata doa, bado lina mikunjo ya dukani.

Sote tuliliona. Nikampa brashi.

"Sugua, Kauko," nikamwambia. "Tunakusikiliza."